ULIZA SISTA: Chuo kinakujua, baraza je?

Wasomaji wangu hamjambo. Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu hapa kuhusu indeksi, ile namba baraza la taaluma linampa mwanafunzi wa mambo ya afya, nikafikiri nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Nakuru, Kakamega, Busia, hapa kwetu Kisumu, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwamba mtoto ako chuoni anasoma mambo ya hospitali, karo inalipwa, mitihani anapita, sasa hii namba ya baraza ni ya nini na nani alisema ni lazima. Leo najibu sita. Majina nimeficha kama kawaida na vyuo pia nimevitoa, sitaki kuitwa na wakili wa mtu.

Sista habari. Niko mwaka wa tatu, digrii ya uuguzi, chuo kimoja huku Nakuru. Wenzangu karibu wote wako na namba ya indeksi, mimi na wengine wawili hatuna. Ofisi ya idara inaniambia nisubiri, na imekuwa nisubiri tangu mwaka wa kwanza. Juzi ndo karani mmoja akaninong'onezea shida ni jina, cheti changu cha KCSE kiko na jina moja na kitambulisho kiko na lingine. Sapu, ile mitihani ya kurudia, sina hata moja. Kweli naweza kuzuiliwa mwishoni? – Mwenye Wasiwasi, Section 58

Mwanangu pole, na jibu ni ndio. Unaweza kufika mwisho alama zote safi halafu siku ya kujiandikisha mtihani wa leseni jina lako lisionekane. Sapu haiingii hapa. Watu wa baraza hawaanzi kuuliza ulipata ngapi kwa anatomia, wanauliza kwanza huyu ni nani na sisi tulimjua lini.

Wengi wanachanganya hapa wacha nieleze pole pole. Chuo kikikuchukua kinakupa namba yake, ile ya admisheni, hio ni ya chuo na mkopo wa HELB na mambo ya bweni. Baraza la Wauguzi, ile tunaita NCK, liko na daftari lake kando kabisa, na nguvu zake zinatoka kwa Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, iliyopitishwa 1983, kwa hivo siyo kitu walianza juzi kusumbua watoto. Indeksi ndio kule kuandikwa kwa hilo daftari ukiwa bado mwanafunzi. Wanaangalia matokeo yako ya KCSE kama yanafika, wanaangalia chuo na programu yenyewe kama imekubaliwa kufundisha, wanaangalia uliingia lini, halafu wanakupa namba. Huko mbele kuna mtihani wa leseni na mwaka mmoja wa intanshipu, na kila mlango ukibisha unaulizwa hio namba. Digrii unaweza kupewa na chuo, gauni ukavaa, mama akapiga vigelegele, na bado huruhusiwi kumdunga mtu sindano.

Sasa jina. Huku kwetu jina ni hadithi ndefu na nyinyi mnajua. Mtoto anazaliwa anaitwa jina la nyanya, kanisani anaongezwa la pili, darasa la nane, enzi za mtihani wa KCPE ulioisha 2023, mwalimu wa kujaza fomu aliandika vile alisikia, Nekesa inakuwa Nakesa, Achieng' inapoteza kile kikoma cha mwisho, halafu siku ya kitambulisho mzee anasema jina la babu lazima liingie. Mtu mmoja, majina matatu. Kwa soko la Kibuye haina shida, watakuita Mama Nani na maisha yanaendelea, lakini kwa kompyuta ya baraza hao ni watu watatu.

Mimi mwenyewe yalinipata. Nilisomea uuguzi miaka ya themanini hapa Kisumu, wodi zetu zilikuwa pale hospitali ya rufaa ambayo mpaka leo watu wanaita Russia juu Warusi ndio walijenga. Ofisi moja, siitaji, iliandika Anyango kuwa Onyango. Herufi moja! Kwa karatasi nikawa mwanaume. Nikapanda basi ya usiku kwenda Nairobi na cheti cha ubatizo kwa bahasha, nikakaa kwa benchi kutoka asubuhi, na karani alipofungua faili akaniangalia juu mpaka chini akasema "sasa huyu Onyango ako wapi?" Nilicheka baadaye sana, siku hio nililia. Na ilirekebishwa siku hio tu juu niliwahi mapema, nilikuwa bado mwaka wa kwanza.

Wewe cha kufanya ni hiki, na ufanye wiki hii siyo baada ya mitihani. Chukua cheti cha KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na barua ya chuo ya kukuchukua, uweke zote mezani uangalie jina kwa jina, herufi kwa herufi, hata mpangilio. Kama tofauti ni herufi au majina yamepinduka tu, mara nyingi hati ya kiapo mbele ya wakili inatosha, ile watu wanaita afidaviti, inasema huyu na huyu ni mtu mmoja. Kama jina limebadilika kabisa, mfano uliacha la baba ukachukua la mjomba, hapo ni didipoli, hati ya kubadilisha jina, ambayo lazima isajiliwe na itangazwe kwa gazeti rasmi la serikali, na hio si ya siku mbili. Kabla hujalipa wakili shilingi yoyote waandikie baraza uwaulize wanataka ipi. Ushauri wangu wa pembeni: cheti cha KCSE ndio kichwa ngumu kubadilisha kuliko karatasi zote, kwa hivo ni rahisi kurudisha kitambulisho kifanane na cheti kuliko kupigana na cheti.

Na hio nisubiri ya idara iishe. Mko watatu, andikeni barua moja, muisaini watatu, mpelekee mkuu wa idara na nakala kwa mkuu wa kitivo, na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwa nakala yenu. Mdomo haina tarehe. Siku mbaya ikifika mtaulizwa mlisema lini, na bila ule muhuri ni neno lenu dhidi ya lao. Chuo ndio kinapeleka majina kwa baraza, lakini chuo kikisahau hakuna mtu wa chuo atakosa leseni, ni wewe. Hio mimi naona si haki, nimesema kwa mikutano mpaka nimechoka, lakini ndivo ilivo.

Tena akitokea mtu anasema anajua mtu wa ndani umtumie kwa namba yake ya simu akusukumie faili, mkate kabisa. Malipo ya serikali sa hii yanapita eCitizen, peibili ni 222222, na risiti inatoka hapo hapo.

Sista, mimi nauza mboga Kibuye. Msichana wangu alipata C ya kawaida lakini Baiolojia D+. Kuna kijana ajenti wa koleji, iko kwa gorofa juu ya duka la hadiwea, anasema watamchukua diploma ya uuguzi na hayo mambo ya Baiolojia "watapanga". Wanataka nusu ya karo ijumaa. – Mama Wa Mwisho Kuzaa, Kondele

Mama, usitoe hio pesa ijumaa. Usitoe hata jumatatu.

C ya jumla ni sawa kwa diploma, hapo ajenti hajadanganya. Lakini baraza haliangalii jumla peke yake. Kwa diploma ya uuguzi linataka C ya jumla, C kwa Kiingereza au Kiswahili, C kwa Baiolojia, na angalau C- kwa moja kati ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Digrii ndio inapanda C+ ya jumla, na C+ hio hio kwa lugha, Baiolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia. Msichana wako na D+ ya Baiolojia hawezi pata indeksi, na hakuna mtu wa kupanga hapo, maanake anayeamua si koleji, ni baraza, na baraza linaangalia matokeo yenyewe kutoka KNEC, wenye mitihani. Kitu koleji inaweza kupanga ni kukula karo yako miaka tatu.

Nimeona hii si mara moja. Mtoto anavaa yunifomu nyeupe, anapiga picha, kijiji kizima kinamwita daktari, halafu mwisho anarudi nyumbani na cheti ambacho hakuna hospitali itakigusa, na gorofa yenyewe imegeuka saluni.

Kwa hivo kwanza uliza baraza moja kwa moja kama hio koleji imeidhinishwa, orodha ya shule zilizoidhinishwa wanaitoa, mtoto yeyote wa saiba pale Kondele atakufungulia. Pili, msichana akiwa kweli moyo wake uko kwa wagonjwa, anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, lakini aulize baraza kabla hajalipia kama watakubali matokeo ya miaka miwili kuchanganywa. Au achague kozi nyingine yenye D+ ya Baiolojia haimfungii mlango. Najua ni uchungu. Ni uchungu wa mwaka moja, ule mwingine ni wa miaka tatu na karo juu.

Sista, niko Busia. Kijana wangu anataka udaktari, alama zake huku hazikufika, na ng'ambo ya mpaka Uganda kuna chuo kiko tayari kumchukua, tena karo nafuu na ni karibu kuliko Nairobi. Akimaliza atafanya kazi Kenya? – Mzee wa Boda

Mzee wangu, inawezekana, lakini kuna maswali mawili na wewe umeuliza moja.

La kwanza ni chuo. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, na kutoka hapo kuna vinavyotambuliwa na vile havitambuliwi. Huku kwetu mwenye neno ni KMPDC, ya madaktari, ile zamani ilikuwa bodi sasa ni baraza tangu sheria irekebishwe 2019. Usiulize chuo chenyewe kama kinatambuliwa Kenya, unategemea wakuambie nini? Andikia KMPDC, taja chuo, kampasi, na jina kamili la kozi, ungoje jibu la maandishi ulihifadhi. Nasema kampasi juu chuo kimoja kinaweza kuwa na kampasi mbili, moja imekaguliwa na ingine ni jengo tu. Wale wanasomea mbali zaidi, nje ya Afrika Mashariki, wajue pia wanaporudi wanafanyishwa mtihani kabla hata ya kuanza intanshipu, na si mtihani wa kuchezea, kuna vijana nimewaona wameurudia na kuurudia na nywele zinaanza mvi.

La pili ndio haukuuliza, na ni lile umelitaja katikati ya barua ukapita kama boda boda kwa matuta. Umesema alama zake huku hazikufika. Zilikosa kufika kwa nini? Kama alikosa nafasi tu juu ushindani ni mkubwa lakini masomo yenyewe yanatosha, sawa. Lakini kama alama zenyewe ziko chini ya zile baraza linataka ndio mtu asomee udaktari, kuvuka mpaka hakuzipandishi. Atakaporudi faili yake inaanza na cheti cha sekondari, siyo digrii. Peleka hio KCSE kwa baraza waione kabla ya kuuza ng'ombe.

Hi Sista, mimi ni komredi hapa Lurambi. Hawa wa uuguzi wako na NCK, sisi wengine ni nani anatujua? Nasikia pia CUE ndio ina nguvu ya mwisho so mambo ya bodi tusijali. – Lishe Mwaka wa Pili

Hio ya kusema msijali ndio imewamaliza watu.

Ni kweli CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, iko na kazi ya kuidhinisha programu za chuo kikuu, sheria ya 2012 iliipa na marekebisho ya 2016 yakaongeza nguvu, na bodi na mabaraza hawakufurahi, mpaka wamevutana kortini. Lakini wewe usiingie kwa vita ya ndovu. CUE inasema kozi yako ni digrii halali. CUE haikupi leseni. Leseni ni ya bodi, na bodi ikisema haikujui, barua ya CUE hutaitumia wodini.

Wewe wa lishe uko chini ya KNDI, sheria yake ni ya 2007. Jirani yako wa maabara ako KMLTTB, sheria ya 1999. Wa famasia ako na Pharmacy and Poisons Board, Sura ya 244, hao wanasoma miaka mitano halafu mwaka wa intanshipu. Klinikali ofisa ni Clinical Officers Council, sheria mpya ya 2017. Afya ya umma wako na baraza lao tangu 2013, watu wa fiziotherapia na wa rekodi za afya pia wako na yao, nisimalize gazeti lote.

Shida kubwa naona kwa kozi zenye majina matamu. Utapata kitu kinaitwa sayansi ya hivi na hivi ya kimatibabu, kwa tangazo kuna stethoskopu na koti jeupe, halafu ukiuliza bodi ni gani mhadhiri anakohoa. Siyo mbaya kusoma kozi haina bodi, kuna kazi za utafiti na mashirika, bora ujue ukiwa mwaka wa kwanza. Uliza hivi kwa idara: waliomaliza hii kozi wanasajiliwa wapi, na nionyesheni mmoja aliyesajiliwa. Wakikuonyesha, kaa. Wakianza hadithi, badilisha kozi mapema, nafasi ya kuhama kozi huwa haikai wazi muda mrefu.

Nasoma famasia, holidei hii kuna duka la dawa Free Area wananiita nishike kaunta mwenyewe akienda shughuli zake. 800 kwa siku. Kuna shida? – Mtu wa Hasla

Kuna. Ukiwa na mfamasia au famteki, yule wa teknolojia ya dawa, aliyesajiliwa hapo ndani anakusimamia unajifunza, vizuri, hata nakusihi uende. Yeye akitoka, duka halina mtu mwenye leseni, ni wewe tu na dawa, na wakaguzi wa bodi wakiingia siku hio watafunga duka na jina litakaloandikwa ni lako. Jina hilo hilo unataka bodi ikusajilie baada ya miaka mitatu. 800 ni bei ndogo sana ya kuuza jina.

Sista, nilimaliza diploma ya klinikali, niko nyumbani Bungoma miezi saba nangoja kuitwa intanshipu. Zahanati ya jirani ya kibinafsi inasema nianze tu kuona wagonjwa, mwenye zahanati ni rafiki ya baba na watanilipa vizuri. Nimechoka kuomba pesa ya sabuni. – Nangoja Bungoma

Hii barua niliisoma mara mbili. Nikikuambia tu "usiende" ni kama sijakusikia. Kungoja kwa intanshipu huku nchini kumekuwa ugonjwa, 2024 madaktari waligoma karibu miezi miwili, kuanzia katikati ya machi mpaka mei, na moja ya mambo makubwa ilikuwa hawa maintani, watapelekwa lini na watalipwa ngapi. Wewe wa diploma ya klinikali uko kwa foleni hio hio, tena hakuna anayekutaja kwa televisheni.

Lakini kuona mgonjwa sa hii hapana. Mwaka wa intanshipu ni sehemu ya masomo yako, bado hujasajiliwa, na sheria ya 2017 inasema wazi anayetibu bila kusajiliwa na kupewa leseni amevunja sheria. Fikiria mtoto moja wa malaria kali aingie usiku, ufanye makosa ya mtu mgeni kazini, na hakuna mkubwa wa kuuliza. Mwenye zahanati atasema alikuamini. Rafiki ya baba atakuwa rafiki ya baba kortini pia?

Fanya hivi. Hakikisha jina lako liko kwa orodha ya wanaongoja, siyo kudhani, piga simu kwa Clinical Officers Council na uulize chuo chako kama kilituma matokeo ya darasa lenu lote, nimeona darasa zima likikaa nyumbani juu faili moja ilikwama kwa meza ya mtu. Logibuku yako na vyeti, skani zote uweke kwa imeili. Halafu rudi kwa huyo mwenye zahanati umwambie unataka kazi lakini si hio. Kuandikisha wagonjwa mlangoni, kupanga faili, kuhesabu stoo, kufuata madai ya bima, hizo zahanati ndogo zinaumia sana kwa mambo ya madai na kijana anayeelewa lugha ya hospitali ni dhahabu kwao. Atakulipa kidogo kuliko alivyoahidi, hio lazima nikuambie, lakini sabuni utanunua, na siku barua ya intanshipu ikifika utamwachia funguo za stoo uende.